Majibu ya Mjomba

Binti yangu alileta kutoka shuleni karatasi ya chanjo ya HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani, akataka kujua kwa nini kaka yake hachanjwi. Nilimjibu kwamba hapa Tanzania chanjo hiyo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, hupewa wasichana ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, lakini nikiwa bado naeleza nilimkumbuka Mjomba.

Uvimbe wake ulikuwa kwenye shina la ulimi. Baada ya kipimo cha nyama tuliitwa Dodoma mjini kuchukua majibu, mimi, yeye na mkewe.

"Mzee wangu, saratani hii imeletwa na kirusi, HPV aina ya 16," daktari alisema. Mkaza mjomba aliinamisha kichwa, maana sote tulijua kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana. Daktari aliharakisha kueleza kwamba mtu anaweza kukipata ujanani kikakaa mwilini miaka mingi bila dalili, na kwamba saratani kuletwa na kirusi kulikuwa na heri yake. Katika saratani nyingi za tumbaku, alisema, kinasaba kiitwacho TP53, ambacho huzuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika, huwa kimeharibika chenyewe. Kwa wenye kirusi, kwa kawaida huwa kizima, ila kazi yake imezuiwa, kama mlinzi aliyefungwa kamba badala ya kuuawa. Saratani ya namna hiyo husikia mionzi vizuri zaidi.

Mjomba, karani wa reli mstaafu, aliomba tarakimu. Daktari alimtajia utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2010 kuhusu saratani za koo, shina la ulimi likiwemo, zilizofikia hatua za mbele: baada ya miaka 3, wenye kirusi waliokuwa hai walikuwa takriban 82 katika kila 100, na wasio nacho 57. Aliziandika nyuma ya kadi ya kliniki, akatoa ya pili katika ya kwanza, akalitazama jibu kwa muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyohitaji.

"Na mwenye kirusi aliyevuta sigara maisha yake yote, binti yangu?"

"Huyo yuko katikati, Mzee."

"Katikati ya wapi na wapi?"

Daktari alitabasamu kidogo, akaandika rufaa ya mionzi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Sigara ziliachwa, sala ziliongezwa, na mpaka leo kila mtu wa nyumba ile ana maelezo yake ya kilichomponya. Miaka 3 ilipotimia Mjomba akiwa hai, alianza kulalamika kwamba hakupewa tarakimu ya mwaka wa nne.