Mwana wa Nyota, Mwana wa Uongo

Mwezi wa tano mwaka 2018 ulipoingia, hoho zilikuwa zimekwisha. Kazi iliyobaki shambani ilikuwa kung'oa mashina, kukunja mabomba ya umwagiliaji wa matone na kuvua neti zilizofunika vitalu. Bonde la Arava nchini Israeli, kusini mwa Bahari ya Chumvi, lilikuwa limeshaanza kuwaka. Ikifika saa nne asubuhi shati limelowa na kukauka mara mbili, limebaki na ramani ya chumvi mgongoni. Nilikuwa nimefika huko Septemba ya mwaka uliotangulia pamoja na Watanzania wenzangu, kujifunza kilimo cha jangwani. Tulikuwa tunakwenda darasani siku moja kwa wiki, siku nyingine zote shambani.

Watoto wa bosi walikuwa wakikusanya kuni tangu Pasaka ya Wayahudi ipite. Watoto wa moshavu nzima, yaani kijiji chao cha wakulima, walikuwa hivyo hivyo, wanaburuta paleti za mbao, masanduku yaliyovunjika na makuti ya mitende, wanalinda mafungu yao wasiibiane. Mdogo wao, wa miaka sita, alikuwa ameniomba nimtengenezee upinde. Nilikata kipande cha bomba la plastiki, nikakipinda, nikakifunga kwa kamba ile ile tuliyofungia mashina ya hoho. Mishale ilikuwa vijiti. Hakuuacha upinde ule hata mezani.

Jioni ya Jumatano tarehe 2 Mei bosi alikuja kwenye chumba chetu akasema usiku huo tule nao. Ulikuwa usiku wa Lag BaOmer, siku ya thelathini na tatu katika kuhesabu siku za baada ya Pasaka. Ukipanda juu ya tangi la maji ungeona mioto bonde zima, mpaka upande wa milima ya Yordani ambako hakuna aliyewasha wowote.

Bendera za miaka 70 ya taifa lao zilikuwa bado zimetundikwa, kwani sherehe zilikuwa zimepita wiki mbili tu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kuuzunguka moto. Watoto walikuwa wanaimba wimbo kuhusu mtu aliyempanda simba. Nikauliza ni nani huyo, na bosi akavuta kiti chake karibu na changu. Niliona anafurahi kuulizwa.

"Bar Kokhba," alisema. "Jenerali wetu."

Akanieleza kwa Kiingereza chake cha haraka. Mwaka 132 baada ya Kristo, Wayahudi wa Yudea walimwasi Kaisari Hadrian. Aliyewaongoza alikuwa huyo Bar Kokhba, jina lake Shimon. Kwa zaidi ya miaka mitatu walikuwa na dola yao wenyewe mbele ya jeshi kubwa kuliko yote duniani. Walichukua sarafu za Kirumi, wakaibonda sura ya kaisari, wakapiga juu yake picha ya Hekalu na maneno ya uhuru wa Yerusalemu. Bosi alisugua kidole gumba kwenye kiganja aliposema hivyo, kama mwenye sarafu yenyewe mkononi. Kisha akaruka karne nyingi, akafika Ulaya, kwa Wayahudi waliodharauliwa kuwa watu wa vitabu, wanyonge, wa kupigwa wakanyamaza. Mwaka 1898 vijana wa Berlin walipoanzisha chama cha mazoezi ya viungo, waliona jina moja tu la kukipa: Bar Kochba.

"Miaka elfu moja na mia nane tulikuwa watu wa kukimbia," alisema. "Huyu ndiye wa mwisho aliyesimama kabla yetu sisi."

Sauti yake ilikatika kidogo hapo. Bosi alikuwa mtu wa maneno machache shambani. Hoho, maji, mbolea, basi. Kumwona vile kulinigusa. Nimewahi kuisikia sauti ya namna hiyo kwa mwalimu wangu wa historia kule Kilwa, nami nilikuwa mwanafunzi niliyevimba kifua kwa maneno yake.

Baba yake alikuwa amekaa upande wa pili wa moto. Watoto walimwita Saba, ndivyo Kiebrania kinavyomwita babu, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa na kijiti kirefu anageuza viazi vilivyofungwa kwenye karatasi ya fedha ndani ya makaa. Hakuinua kichwa.

"Mtajie na waliokufa," alisema.

Bosi akasema jambo kwa Kiebrania. Nililisikia neno "Abba", baba, na neno la usiku. Nadhani alimwomba aache, walau usiku ule. Mzee akamjibu kwa Kiingereza ili nami nisikie: "Usiku huu hasa."

Ndipo akaanza. Mwanahistoria wa Kirumi, Cassius Dio, aliandika kwamba waliouawa vitani walikuwa watu 580,000, ngome 50 zilibomolewa na vijiji 985 vikateketezwa, mbali na waliokufa kwa njaa, maradhi na moto. Hata Warumi walipoteza askari wengi mno, kiasi kwamba Hadrian alipoliandikia baraza la Seneti aliyaacha maneno ya desturi, yale ya kusema kwamba yeye na majeshi yake ni wazima. Yudea ikafutwa jina, ikaitwa Syria Palaestina. Yerusalemu likawa jiji la kipagani, na Myahudi akapigwa marufuku kuingia. Ngome ya mwisho, Betar, ilianguka. Magofu yake yako kando ya kijiji cha Wapalestina cha Battir, na wanakijiji wanayaita Khirbet el-Yahud, magofu ya Wayahudi.

"Hiyo ndiyo dola yake," mzee alisema. "Mawe, na majirani wanaokumbuka yalikuwa ya nani."

Bosi alisema Warumi ndio waliowaua watu wale, si Shimon. Alilisema kwa nguvu, na sikuona pa kumkosoa. Mzee alikubali kwa kichwa, akaendelea kugeuza viazi.

Kisha akaniuliza kama naisoma Biblia. Nikamwambia nimekulia misheni ya Kipatimu. Akauliza kama nalijua andiko la Balaamu katika kitabu cha Hesabu, nami nikalisema kwa Kiswahili, "Nyota itatokea katika Yakobo." Alinitaka nilirudie. Akaeleza kwamba jina halisi la jenerali lilikuwa bar Kosiba. Rabi Akiva, mkubwa wa walimu wa zama zile, alimtazama akaona Masihi, na andiko lile ndilo lililomgeuza kuwa bar Kokhba, Mwana wa Nyota. Rabi mwingine, Yohanan ben Torta, alimjibu Akiva kwamba majani yataota mashavuni mwako na mwana wa Daudi atakuwa bado hajaja. Baada ya maangamizi marabi wakabadili herufi moja tu: bar Koziba, Mwana wa Uongo. Wakaandika kwamba alimpiga teke mjomba wake, mzee mcha Mungu, akamuua kwa kumshuku usaliti, na kwamba alimwomba Mungu asimsaidie wala asimzuie.

"Mababu zangu walimwita mwongo kwa karne nyingi," Saba alisema. "Mwanangu anamwita nyota. Wote wawili wamemwona nusu."

Aliyoyasema baadaye ndiyo yaliyonikaa zaidi. Mwaka 1960, yeye akiwa kijana wa miaka ishirini, redio ilitangaza kwamba Yigael Yadin, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi kisha akawa mwanaakiolojia, amepata barua za Shimon mwenyewe katika pango la Nahal Hever, si mbali na Ein Gedi. Barua kumi na tano. Watu walilia. Na ndani yake hamkuwa na simba. Mlikuwa na kamanda anayewakaripia watu wa Ein Gedi kwamba wanakaa wakila na kunywa mali ya nyumba ya Israeli na hawawajali ndugu zao. Katika barua nyingine, iliyopatikana miaka michache kabla kwenye mapango mengine, anaapa kwa mbingu kwamba atamtia pingu miguuni ofisa wake mwenyewe. Na mlikuwa na barua moja ya Sikukuu ya Vibanda: anatuma punda wawili wakalete makuti ya mtende na matunda ya etrogi, jamii ya limau, na anaagiza mihadasi na mierebi, vyote vya ibada ya sikukuu hiyo, kwa kuwa kambini watu ni wengi.

Saba aliponyosha vidole viwili kuonyesha wale punda, mkono ulikuwa unatetemeka.

"Kwa barua ile nampenda," alisema. "Vita vimemzunguka, yeye anahangaika askari wake wapate mierebi. Lakini nikimpenda kwa hilo, siwezi kuzifumbia macho zile pingu."

Mwaka 1982, siku ya Lag BaOmer hii hii, serikali ya Menachem Begin iliizika mifupa iliyotolewa kwenye mapango yale kwa heshima zote za kijeshi. Saba alitazama kwenye televisheni. Kulikuwa na waliopinga, wengine wakivaa kama Warumi. Jenerali mstaafu Yehoshafat Harkabi, aliyewahi kuongoza ujasusi wa jeshi, alikuwa anaandika kwamba kuutukuza uasi ule ni kuyatukuza maangamizi yetu wenyewe. Mwezi haukuisha, tarehe 6 Juni, vita ya Lebanon ikaanza. Mzee alizitaja tarehe hizo mbili zikifuatana, hakuongeza neno. Alisema tu kwamba ana ndugu yake Mlima Herzl, kwenye makaburi ya wanajeshi, tangu vita ya 1973, na kwamba kila mwaka akienda pale anasoma na umri kwenye mawe ya jirani.

Maneno yale ya kusoma umri nimeyakumbuka sana tangu tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo kama sisi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Na tena kila nilipotajiwa hesabu ya waliokufa Gaza, makumi kwa makumi ya maelfu, watoto wengi mno ndani yake. Sijui kama mzee yule yuko hai.

Usiku ule bosi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanigeukia, labda ili atoke kwenye mabishano na baba yake, akaniuliza, "Kwenu mnaye wa namna hiyo?"

Tunaye. Mimi ni Mmatumbi, na vita vya Maji Maji vilianzia milimani kwetu, Nandete, Julai 1905. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita vikiwa havijamaliza hata mwezi, navyo vikaendelea bila yeye mpaka 1907. Hesabu za waliokufa hutajwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, kwani Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Shuleni nilimwandika shujaa na nikapata alama zote. Nyumbani bibi mzaa mama hakuruhusu jina lake litajwe wakati wa kula. Mama yake bibi alikuwa msichana mdogo wakati wa vita. Kaka zake watatu walikunywa maji yale na hakurudi hata mmoja. Bibi alisema "yule wa maji", akatema mate pembeni. Lakini bibi huyo huyo, padri mmoja aliposema kanisani kwamba wazee wetu walidanganywa kwa ujinga wao, alisimama akatoka nje na kanga yake kichwani, wala hakurudi misa ile.

Haya yote niliyasema pale motoni, kwa Kiingereza cha kubabaika. Sikuwahi kuyasema mahali popote. Shuleni ningeonekana namkana shujaa, nyumbani ningeonekana namtetea aliyetumaliza.

Saba alikivuta kiazi kimoja nje ya makaa, akakipasua kwa vidole bila kujali moto, akanipa nusu. Ganda lilikuwa limeungua jeusi, ndani cheupe kinatoa mvuke. Aliniomba nilitamke jina polepole. Ki-nje-ke-ti-le. Akalijaribu mara tatu, la tatu likatoka sawasawa.

Yule mdogo alikuwa amesogea, upinde begani. Dada yake alikuwa akimtafsiria.

"Yeye alikuwa na simba?" aliuliza.

"Alikuwa na maji."

"Yalifanya kazi?"

Bosi alinitazama. Mzee naye aliacha kugeuza viazi. Nikamwambia mtoto hapana, hayakufanya kazi, na kwamba baadaye watu kwetu walichimba ndiga porini, viazi vyenye sumu ambavyo lazima vikatwekatwe na kulowekwa kwenye maji yanayotiririka siku kadhaa, na wenye njaa kali hawakuweza kuzisubiri siku hizo.

Alikitazama kiazi mkononi mwangu.

"Basi kwa nini waliyanywa?" aliuliza.

Nikamketisha kwenye kreti kando yangu. Nikaanza na pamba: shamba la akida, viboko, na asubuhi ile wazee wa Nandete walipoingia shambani wakashika mashina kwa mikono, wakayang'oa.