Kuhani msiba wa Wayahudi waliouawa na magaidi

Novemba 28, 2002, gari lililojaa mabomu liliingizwa kwa nguvu katika hoteli ya Paradise, Kikambala, karibu na Mombasa, Kenya, wageni kutoka Israeli wakiwa wanapokelewa kwa ngoma. Waliuawa Waisraeli 3, wakiwemo watoto wawili ndugu wa tumbo moja, na Wakenya 10, wakiwemo wacheza ngoma. Asubuhi hiyohiyo makombora 2 yalirushwa kuilenga ndege ya Arkia, shirika la ndege la Israeli, iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa, yakaikosa. Walengwa walikuwa Wayahudi. Oktoba 27, 2018, Jumamosi ya ibada, wengine 11 walipigwa risasi katika sinagogi la Tree of Life huko Pittsburgh, Marekani.

Wapo wanaotaka kwenda kuwapa mkono wa tanzia watu waliofiwa hivyo, lakini wakifika wanafuata desturi za matanga ya kwetu, na wanawaumiza wafiwa bila kukusudia.

Tuanze na maiti. Sheria ya Kiyahudi inataka azikwe haraka, ikiwezekana ndani ya siku moja, na asiachwe peke yake hadi kaburini. Ugaidi unavuruga yote mawili, kwa kuwa polisi wanachunguza na madaktari wanahitaji muda wa kumtambua kila aliyekufa. Pittsburgh mazishi yalianza Jumanne, na siku zote hizo watu wa kujitolea walipokezana zamu ya kukesha na marehemu. Kwa kawaida maiti huoshwa na kuvishwa sanda nyeupe. Aliyeuawa akavuja damu nyingi mara nyingi haoshwi. Huzikwa na nguo zake zilizolowa, kwani damu ile ni sehemu ya mwili wake. Ndiyo maana wanaookota mabaki baada ya mlipuko hufuta hata damu ukutani ili ikazikwe. Usiwaulize wafiwa kwa nini marehemu hakuoshwa.

Baada ya mazishi wafiwa hukaa nyumbani siku 7, na siku ya kuzika huhesabiwa ya kwanza. Wanaokaa ni wazazi, watoto, ndugu, mume au mke. Wanakalia viti vifupi, wamevaa nguo iliyochanwa, na katika nyumba nyingi vioo vimefunikwa. Siku 3 za mwanzo waachie jamaa wa karibu. Usiende wala kupiga simu kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, kwani Sabato haina maombolezo ya hadharani.

Mlango huwa haukufungwa, basi ingia bila kubisha hodi, kaa, na unyamaze. Mfiwa ndiye anayeanza kusema. Hili ndilo gumu kwetu sisi tuliozoea kuingia na pole mdomoni, lakini kimya hicho kinampa nafasi ya kulia, kusimulia, au kukaa tu. Akimtaja marehemu, muulize alipenda nini, alikuwa mtu wa namna gani. Usimuulize alikufaje. Usimwambie ni mapenzi ya Mungu, maana aliyemuua ni mtu. Wala usianzishe habari za serikali ya Israeli na vita vyake. Huyu amefiwa na mwanawe, hakuja kujibu mashtaka.

Chakula ndipo nia njema inapoharibika zaidi. Sufuria ya pilau kutoka jikoni kwako haitaliwa katika nyumba inayoshika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, hata kama nyama ni halali, kwa sababu vyombo na uchinjaji vina masharti yao. Peleka matunda mazima yasiyokatwa, au agiza kwa muuzaji wao. Bahasha ya rambirambi usiitoe sebuleni. Ukitaka kuchangia, uliza kama kuna mfuko. Waislamu wa Marekani walichanga zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya mazishi na majeruhi wa Pittsburgh, na fedha zilikabidhiwa kupitia taasisi za Kiyahudi za mji huo.

Kaburini weka kijiwe, si maua.

Kumbukumbu ya kila mwaka hufuata kalenda ya Kiebrania. Waisraeli waliokufa Kikambala hukumbukwa tarehe 23 ya mwezi wa Kislev, ambayo huhama kila mwaka katika kalenda yetu, na siku huanza jua linapozama, mshumaa wa saa 24 ukiwashwa. Iulize familia tarehe yao mapema, uiandike, kisha mwaka ukigeuka uwapigie simu na umtaje marehemu kwa jina.