Ndoo ya lita ishirini

Zimebaki siku 11 tufike geti la Marangu tuanze kupanda Kilimanjaro, na mwenzenu usingizi umeshaanza kuwa wa shida. Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri nikaenda kupanda mawe ya Mabatini tena, begi mgongoni, ndani nimejaza chupa za maji na mfuko wa mchanga ili niuzoee mzigo. Kwa wasioijua Mwanza, vilima vyetu ni mawe, na juu ya mawe kuna nyumba, na kuzifikia nyumba kuna vinjia na ngazi ambazo kila mtu kajijengea anavyojua yeye, hii fupi, inayofuata inakufika gotini, af mvua za mwezi huu zimefanya vinateleza kama umemwaga mlenda.

Basi nimefika katikati nahema kama sangara kwenye sakafu ya mtumbwi, nyuma nasikia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kugeuka ni mama wa makamo ana ndoo ya maji kichwani, ile ya lita ishirini, nikajibana kwenye jiwe akapita. Hata hahemi. Akaniuliza, "Unahama baba?" Nikamwambia hapana mama, nafanya mazoezi nikapande Kilimanjaro. Akasimama kabisa na ndoo yake. "Kule kuna nini?" Nikasema kilele. Akaniangalia, akasema haya baba, pole na safari, akaendelea. Nikabaki nimesimama pale natafuta jibu zuri zaidi na mpaka sa hivi sijalipata.

Mwanzoni nilijua shida itakuwa miguu. Dada yangu ni nesi, ndo kanitoa ujinga. Nilimwambia kwa majigambo kwamba sisi wa Mwanza tuna nafuu maana ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Dar anaanzia sifuri. Alicheka huyo! Akasema mwili hauanzi kulalamika mpaka upite 2,500 hivi, kwa hiyo hiyo nafuu yako haipo, na kule kileleni, mita 5,895, kila pumzi unayovuta inakupa kama nusu tu ya oksijeni ya pwani. Halafu kumbe wenye mazoezi nao wanaumwa vizuri tu, tena sana, kwa sababu wana nguvu wanakimbilia, mwili haujapata muda wa kuzoea. Ndo maana nimelipia siku sita badala ya tano, tunalala kwenye vituo vya njiani: Mandara, kisha Horombo mita 3,720 tunalala mara mbili, ile siku ya katikati tunapanda kidogo tunarudi kulala palepale, ndo Kibo, ndo usiku wa kilele. Kuhusu Diamox, dawa ya kuusaidia mwili uzoee kimo, kaniambia nikamuone daktari kwanza, nisimeze kwa kusikia. Na kaniapisha: kichwa kikiuma sema, ukianza kuyumba kama mlevi au ukakosa pumzi na umekaa tu, unashuka hata iwe saa nane usiku, usiniletee habari za bendera.

Bendera kwa sababu tumepanga kufika juu tarehe 9 Desemba. Kila mwaka kuna Watanzania wanapanda siku hiyo, kumkumbuka Luteni Alexander Nyirenda aliyepeleka mwenge na bendera kule usiku wa uhuru 1961. Mi nawaza alivaa nini miguuni.

Maana viatu, dah. Nilinunua buti la mtumba kwa jamaa mmoja, zuri, halijachakaa hata kidogo, wiki ya pili kwenye mawe soli ikabaki nyuma mguu ukaendelea. Fundi akaliminya na kidole likamong'onyoka kama mkate, akasema hili lilikaa kabatini miaka huko lilikotoka, soli ya povu inazeeka yenyewe hata usipoivaa. Nimetafuta mengine, nayavaa mpaka sokoni, kucha nimekata. Koti la manyoya ya bata nililipata Mlango Mmoja, nikalijaribu palepale saa saba mchana, jasho hilo, wamama wa mitumba wakanifanya kipindi cha luninga.

Jioni nikaenda kupima begi kwenye mizani ya jirani anayeuza sato. Kilo 17. Jirani akauliza utabeba mwenyewe? Nikasema hapana, yuko mpagazi, ila sheria hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20 na humo kuna na vitu vyake. Akaniambia, "Kama ndoo." Kama ndoo kweli, lita ishirini kilo ishirini, sikuwahi kuzijumlisha. Nikamkumbuka yule mama.

Nimerudi nyumbani nimemwaga kila kitu kitandani. Jinzi mbili zimetoka, zikilowa hazikauki tena. Spika imetoka, sijui hata niliiwekea nini. Taulo kubwa, marashi, shati la kupigia picha juu, nje. Betri za tochi zimebaki, zitalala na mimi ndani ya begi la kulalia maana baridi inazinyonya. Mama kaingia kanikuta katikati ya fujo ana mfuko wa dagaa wa kukaanga na karanga, kilo nzima. Nimemwambia mama, kule juu hamu ya kula inaisha wanasema. Akasema ndo maana nimetia pilipili.

Sasa hivi ni kilo 11 na nusu. Dagaa nitawabeba mwenyewe.