Nilivyowafundisha vibarua wa shamba kuhusu UKIMWI

Vibarua wa msimu huja wakati wa palizi na mavuno, hulala kambini, kazi ikiisha wanatawanyika. Nilipoanza kuwaelimisha nilipewa dodoso la kupima uelewa wao. Umewahi kusikia kuhusu UKIMWI? Ndiyo, wote. Unaambukizwaje? Ngono, damu, nyembe, mama kwa mtoto. Majibu walikuwa wameyakariri, na kwa karatasi ile ungesema hapa hakuna cha kufundisha.

Nikaweka dodoso kando nikaanza kuwapa visa. Kibarua mwenzenu kondomu imempasukia jana usiku, na mwenzake hajui hali yake. Leo afanye nini? Wakatazamana. Mmoja akasema angoje miezi mitatu akapime. Mwingine akasema akaoge vizuri kwa sabuni. Hakuna aliyetaja dawa za kuzuia maambukizi, zile ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kisha zimezwe kwa siku 28. Sasa hesabu saa hizo kwa ratiba ya kibarua: jambo limemfika Ijumaa usiku, Jumamosi yuko shambani, Jumapili kliniki ya karibu imefungwa, Jumatatu anaogopa kukosa siku ya malipo. Jumatatu usiku muda umekwisha. Ndiyo maana somo langu la kwanza likawa hilo, pamoja na kituo gani hupokea wagonjwa hata siku za mapumziko na njia ya kufika huko. Namna virusi vinavyoshambulia seli za kinga nilikuja nayo baadaye, kwa ufupi.

Kisa cha pili kilinifungua macho zaidi. Mtu anatumia dawa za kufubaza virusi, amehamia shamba jingine, vidonge vimebaki vichache. Wengi walisema aache kwanza, ataendelea akirudi kwao. "Si virusi vimeshalala, dada?" Nikawaambia dawa ni palizi: ukiacha, magugu hayakungoji. Ndani ya wiki chache virusi huzaliana tena, na anayemeza kwa kurukaruka hujitafutia usugu, yaani virusi vinazoea dawa na haviuliwi nayo tena. Tukafanya mazoezi ya kuzungumza kliniki: kuomba barua ya uhamisho, na kuuliza kama mtu anayeendelea vizuri anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mkupuo. Kwa watu wanaohamahama, sentensi hizo mbili zina faida kuliko mabango yote niliyowahi kubandika. (Mabango ya mafuvu nayaona yalifanya kazi moja tu: kuwatia watu hofu ya kupima.)

Suala la mbu halikwepeki. Mzee mmoja alishikilia kwamba mbu anayemnyonya mgonjwa kisha akamuuma yeye lazima amletee. Nilimweleza kwamba mbu anapouma huingiza mate yake, harudishi damu aliyonyonya, na virusi haviwezi kuzaliana ndani yake. Humeng'enywa pamoja na damu. Akauliza, "Basi malaria inapitaje?" Swali zuri kuliko yangu yote. Vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu na kufika kwenye mate. Hapo akatikisa kichwa, akanyamaza.

Nilimwomba nyapara asikae kwenye vikao. Nilimfundisha peke yake. Wanawake nao walikutana kando, na huko ndiko swali zito lilikotoka: unamwambiaje avae kondomu mtu ambaye kesho ndiye anayeamua nani apewe kazi? Hapo elimu ya afya peke yake haina jibu. Nililipeleka kwa uongozi wa shamba bila kutaja jina la yeyote, na baada ya mvutano kazi ikaanza kugawiwa kwa orodha inayobandikwa hadharani. Katika mazungumzo hayohayo nilitumia Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linalosema mfanyakazi asilazimishwe kupima wala kutaja hali yake. Nadhani karatasi ile iliwasikilizisha kuliko mimi.

Kuhusu wingi wa virusi bado tunabishana. Ukweli kwamba mtu anayemeza dawa vizuri, virusi vyake vikishuka hadi kipimo kisivione na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono, wengi wanaupokea kwa mashaka. Wanauliza kama nawaambia waache kondomu. Hapana, kuna kaswende, kisonono na mimba pia. Waliobadilika ni wachache waliokuwa wakificha vidonge: wawili kati yao sasa humeza mbele ya wenzao wa chumbani.

Nilipowapa visa vilevile mwishoni mwa msimu, saa 72 zilitajwa bila kusita. Kipindi ambacho kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi mapya, hadi siku 90, bado kinawachanganya, na wengi wanadhani jibu la hasi la leo linafunika hadi jana. Msimu huu wamekuja wengi wapya. Kikao cha kwanza nimewaachia vibarua wa zamani wakiongoze, mimi nikae nyuma niandike maswali.