Muvi ya kutafsiriwa inataka nakala nzuri na sabufa iliyotulia

Muulize mfanyakazi wa ofisi za katikati ya mji hapa Mwanza, au mwanafunzi wa chuo kule Malimbe, kama huangalia muvi zilizotafsiriwa na DJ, yule msimulizi anayezungumza Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Wengi watakwambia hizo ni za vibanda vya video, wao huangalia za Kiingereza na kusoma sabtaito. Chomeka flashi ya mtu huyohuyo kwenye TV ukute folda ya ngumi za Kichina na nyingine ya muvi za Kihindi, na kila faili lina jina la DJ mwishoni. Mashabiki wa mipasho ya taarabu na wa riwaya za upelelezi walishaacha kujificha. Hawa wa muvi za kutafsiriwa bado wanapunguza sauti mgeni akibisha hodi.

Mimi nazipenda waziwazi. Lawama nyingi zinazotupiwa muvi hizi, kwamba ni kelele, kwamba DJ anafunika kila kitu, kwamba maneno hayasikiki, chanzo chake ni nakala iliyobanwa mara nyingi na sabufa iliyofunguliwa besi mpaka mwisho. Ukiyaondoa hayo mawili unabaki na kazi ya DJ mwenyewe, na hiyo ina vipimo vyake.

Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka 1994. Kanda za VHS zilishaingia kabla ya hapo, na sinema ya mtaani ilikuwa kibanda umiza: mabenchi, deki ya kuchezea kanda, TV moja na jenereta nje. Muvi zilitoka Bombay, Hong Kong na Marekani, na watazamaji wengi hawakujua lugha hata moja kati ya hizo. Uganda walikuwepo wasimulizi wanaoitwa VJ, wakisema Kiluganda juu ya picha. Kwetu sauti iliyovuma kwa Kiswahili ni ya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Na jambo hili halikuanzia Afrika Mashariki: Japani, enzi za filamu bubu, msimulizi aliyeitwa benshi alisimama kando ya pazia akizungumza kwa niaba ya wahusika wote, na watu walilipa kiingilio kwa kumfuata yeye.

Sasa kazi yenyewe. DJ makini huangalia muvi nzima kabla ya kushika maiki, na akirudia anaandika: nani ndugu ya nani, nani anamdai nani, siri inafichuka dakika ya ngapi. Kisha huwapa wahusika vyeo ambavyo sikio halitavichanganya. Steringi, yaani shujaa wa muvi, hubaki steringi. Kwenye sizoni ya Kikorea yenye wahusika kumi ambao majina yao kwetu yanasikika kama yale yale, mmoja anakuwa mwenye kovu, mwingine mama wa duka, mwingine wakili, na vyeo hivyo havibadiliki mpaka sehemu ya mwisho. DJ akimwita mtu "mjomba" sehemu ya 2 na "mzee wa kazi" sehemu ya 5, ameshakupoteza.

Kurekodi hufanyika mfululizo. Muvi inacheza, maiki inaingia kwenye mikisa, na kila anapofungua mdomo sauti ya muvi inashushwa kwa desibeli 12 hadi 15 hivi. Ikishushwa kidogo tu, maneno ya waigizaji yanagombana na ya kwake. Ikishushwa mno, muvi inakufa: risasi zinapigwa bila mlio, na akinyamaza sauti inarudi kwa kishindo kinachokuamshia mtoto. Anayeijua kazi hurudisha sauti taratibu. Maiki nayo iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, imeelekezwa pembeni kidogo. Ikiwa mbele kabisa ya mdomo, kila "p" na "b" hupuliza na kutoa mlipuko ambao sabufa itaukuza mara mbili.

Msikilize DJ mzuri anavyohama nafasi. Kwanza anakuwa mhusika: "Sikuja kuomba radhi, nimekuja kumchukua mdogo wangu." Mara hiyohiyo anakuwa msimulizi: "Hapo steringi anabahatisha, mdogo wake hayumo humo ndani." Halafu anakugeukia wewe: "Unamwona yule wa koti jeusi pale mlangoni? Mtie akilini. Huyo ndiye aliyemuua baba yao. Tulia." Nafasi tatu ndani ya sentensi chache, na mlio wa mlango bado umesikika. Sabtaito ingekupa sentensi ya kwanza peke yake.

Kipimo changu cha kwanza kwa DJ ni kunyamaza. Pigano la dakika nne halihitaji tafsiri, macho yanatosha. DJ dhaifu atajaza dakika zote nne kwa "piga, mpige, ongeza", kwa sababu anaogopa kimya. Mzuri atasema neno moja kabla halijaanza, kuhusu kwa nini wanapigana, kisha anaacha ngumi zisikike. Kipimo cha pili ni wimbo wa muvi ya Kihindi. Muvi hizo huenda saa 2 na nusu hadi 3, zikiwa na nyimbo tano, sita. DJ anayezijua atakupa maana ya wimbo kwa sentensi moja au mbili kwenye mapigo ya mwanzo, halafu anauacha wimbo uimbwe. Anayeongea kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho hakupaswa kupewa muvi ya Kihindi.

Mambo ya nyumbani yana utamu wake yakitiwa kwa kiasi. Gari linafukuzwa Hong Kong, DJ anasema dereva amekata kona kama anawahi kivuko cha Kamanga, kibanda kizima kinaamka. Akilirudia hilo kila gari linapoonekana, limekufa. Kosa baya kuliko hilo hutokea pale DJ asiyejua Kichina anapotafsiri kutoka sabtaito za Kiingereza zilizotafsiriwa ovyo. Kosa la kwanza linazaa la pili, na unaweza kulinasa: uso wa mwigizaji unalia, lakini maneno ya DJ yanatania. Ukiona hivyo mara tatu, tafuta muvi hiyohiyo kwa DJ mwingine. Muvi maarufu mara nyingi hutafsiriwa na zaidi ya mmoja, na kulinganisha dakika kumi za huyu na kumi za yule ni raha ya peke yake.

Ngumi, vita, visasi vya kifamilia na mapenzi ya Kihindi hutafsirika vizuri, kwa kuwa zina nafasi za kupumua kati ya maneno. Muvi za mahakamani hazifai: kila mtu anaongea, na DJ anabaki kukimbizana nao. Vichekesho vinavyotegemea mchezo wa maneno, viache.

Kuhusu lugha hakuna cha kuonea aibu. Swali halisi ni la hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake inakiliwe na itafsiriwe, na nakala nyingi za mtaani hazina ruhusa hiyo. Vituo vya televisheni vinaweza kununua haki na kutia sauti halali. TBC mwaka 2011 ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Natamani wanunuzi hao wa haki wawaajiri ma-DJ hawa. Tamthilia nyingi za namna hiyo zina watu wanaosoma maneno kwa usahihi lakini hawajui kusimulia, na wanaojua kusimulia wapo mitaani.

Tuje kwenye nakala. Kunakili faili kutoka kompyuta kwenda flashi hakupunguzi ubora hata kidogo. Kinachoharibu ni kubana upya: mwenye duka anaipunguza ili ziingie nyingi, mteja anaituma kwa WhatsApp inabanwa tena, anayeipokea anaibadilisha tena ikubali kwenye simu. Kila hatua inatupa kitu, na sauti ya DJ hupotea mapema: "s" na "sh" zinaanza kulia kama bati. Gawanya ukubwa kwa dakika upate picha ya hali. Muvi ya dakika 120 yenye MB 700 ni karibu MB 6 kwa dakika, na kwa TV ya inchi 32 inatosha. Yenye MB 300 ni MB 2.5 kwa dakika; matukio ya mchana utayaona, ya usiku yatakuwa vipande vya mraba vyeusi.

Flashi ya GB 16 hubeba muvi 20 hivi za MB 700. Ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, faili moja haliwezi kufika GB 4, kwa hiyo usishangae muvi kubwa ikikataa kuingia wakati nafasi bado ipo. Flashi za bei ya kutupa zinazoandikwa GB 128 huwa na nafasi halisi ndogo sana: zinapokea kila kitu, halafu muvi za mwisho hazichezi. Kabla hujaondoka dukani ijaze, kisha cheza faili la mwisho, tena kuanzia katikati.

TV ikionyesha picha bila sauti, mara nyingi ni aina ya sauti ambayo TV hiyo haiifahamu, DTS hasa. Omba nakala yenye AAC au MP3. Ukisikia Kiingereza kitupu kwenye muvi uliyoambiwa imetafsiriwa, bonyeza kitufe cha kubadili sauti kwenye rimoti kabla ya kumlaumu mtu, huenda zimo mbili ndani ya faili moja. Na DJ akichelewa au kuwahi picha, angalia kama pengo linakua. Pengo lisilobadilika hurekebishwa kwenye VLC ya kompyuta kwa herufi J na K. Pengo linaloongezeka lina chanzo kingine: sauti ilirekodiwa juu ya nakala ya fremu 25 kwa sekunde ikabandikwa kwenye ya fremu 24. Kwenye muvi ya saa 2 tofauti hufika karibu dakika 5 mwishoni, steringi anazikwa na DJ kabla hajapigwa risasi. Hiyo irudishe dukani.

Sabufa ndiyo inayoua ma-DJ wengi. Uwazi wa maneno uko kwenye konsonanti, na nguvu zake zimekaa zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000. Besi iko chini kabisa, na ikizidi inaifunika sehemu hiyo. Weka besi theluthi moja, trebo theluthi mbili, uanzie hapo. Usiikalishe sabufa kwenye kona ya chumba, kona huongeza besi hata kama hukuigusa. Spika ndogo ziwe usawa wa sikio, moja kila upande wa TV. Kwenye menyu ya sauti ya TV acha ya sinema na ya muziki, chagua ya habari au mazungumzo.

Kibandani huna mamlaka ya vifaa, ila una mamlaka ya benchi. Kaa katikati, kuanzia benchi la tatu, mbali na spika. Kuta zilizotundikwa magunia hupunguza mwangwi, na kibanda chenye magunia kinamsikilizisha DJ vizuri kuliko chenye TV kubwa na kuta tupu za bati. Mvua ikianza kupiga mabati, hakuna sabufa itakayoshinda.

Kwenye visiwa vya Ziwa Victoria kalenda ya muvi inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Hizo ndizo siku ambazo vibanda vya Ukerewe na visiwa vya jirani hujaa, na ndipo umeme wa sola unapopimwa. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1,200, lakini tumia nusu tu, 600, maana kuikausha kila usiku kunaiua mapema. TV ya inchi 32 ya LED inakula wati 50 hivi, sabufa ndogo 30, inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inapoteza kama 15. Hapo una saa 6: muvi tatu za kawaida, au mbili za Kihindi.

Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi safi, na ndizo zinazoleta ule mvumo kwenye sabufa unaomfunika DJ kila anaposhusha sauti. Dawa yake ni TV na sabufa zinazokula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ila hapo waya ni muhimu. Ukitumia wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 5, unapoteza karibu volti 0.8 njiani, na TV itazima katikati ya pigano wakati betri bado ina chaji. Tumia wa milimita za mraba 4, na fyuzi ikae karibu na betri.