Slaidi ya mtoto wa Tanga

Juzi mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kaniuliza kuna haja gani ya kumpima selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, mtoto mwenye asili ya Uarabuni. Nikamkumbuka yule wa Tanga.

Alikuwa na umri wa mwaka na nusu, homa, upungufu wa damu, malaria hana. Wazazi wote wawili asili yao Oman. Mkuu wa zamu akasema, "Achana na kipimo cha selimundu, hao hawana ugonjwa huo." Lakini vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba, mikono yote miwili. Nikapima.

Gramu 0.2 za sodiamu metabisulfaiti kwenye mililita 10 za maji safi ya maabara. Dawa hii huondoa oksijeni ili chembe zenye selimundu zipinde, na hutengenezwa siku hiyohiyo. Ikilala hupoteza nguvu, na damu yenye selimundu itaonekana haina kitu. Nikachanganya tone la damu na tone la dawa juu ya slaidi, nikafunika kwa kioo chembamba, nikabana taratibu mapovu yatoke, nikaziba kingo zote kwa rangi ya kucha. Ukiacha upenyo, oksijeni huingia na chembe hazibadiliki. Pembeni niliweka slaidi mbili za kulinganishia, moja ya damu ninayoijua ina selimundu, nyingine isiyo nayo.

Nusu saa baadaye, kwenye lenzi ya 40 ya darubini, chembe nyekundu zilikuwa zimerefuka, ncha zimechongoka, zimepinda kama mwezi mwandamo. Uwanja mzima.

Kipimo hicho hakimtenganishi mgonjwa na mbebaji, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, kwa hiyo damu ilipelekwa kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Jibu: SS, yaani mgonjwa, amerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili.

"Lakini kaka, si wanasema ni ugonjwa wa watu weusi?" mama yake akaniuliza.

Nikamweleza kwamba jeni hii huenea palipo na malaria, kwa kuwa mbebaji hupata kinga kiasi, haifuati rangi ya ngozi. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa damu za huku kwetu Afrika Mashariki: wabebaji wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache mno kwenye nyanda za juu zenye baridi. Wajaluo wanayo kwa wingi, Wakikuyu karibu hawana, na wote ni weusi. Oman ipo, mashariki ya Saudia ipo, India ya kati ipo, hata Ugiriki.

Fomu za maabara nyingine bado zina nafasi ya kujaza asili ya mgonjwa. Mimi ningeifuta. Wenzangu wanasema inawakumbusha kupima, na kwa baadhi ya wagonjwa ni kweli.