Nilimbana mwizi wangu mezani, kumbe tatizo lilikuwa macho yangu

Aisee hii stori inanitia aibu kidogo ila ngoja niseme. Mimi ndo huwa gemu masta kwenye kikundi chetu, yaani yule anayesimulia stori na kuwachezesha maadui, tunacheza Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya hadithi na dadu, na kuna mshkaji alikuwa anachezesha mwizi, yule wa visu na giza. Siku hiyo wako levo ya 5, nimekaa wiki nzima natengeneza bosi, mchawi mmoja mwenye maneno mengi ana pointi 55 za uhai, hata hotuba yake hajamaliza. Jamaa katoa mshale nyuma ya nguzo, kamwaga dadu nne mezani: sita, tano, sita, tano, ongeza nne za wepesi. 26, karibu nusu ya uhai wake kwa pigo moja! Watu wakasimama kwenye viti, mimi nikanuna.

Basi wiki iliyofuata nikaja na sheria yangu, kwamba hakuna shambulio la kuvizia, lile pigo la mwizi lenye dadu za nyongeza, mpaka uwe umejificha kwanza. Najiona nimelinda mizani ya gemu. Kilichotokea ni kwamba zamu moja anajificha, zamu ya pili anapiga, akikosa ndo basi tena, anarudi kujificha. Mwezi haujaisha jamaa yuko kwenye simu mpaka aitwe jina mara mbili.

Ndo nikachukua karatasi nikapiga hesabu, kitu ambacho ningefanya kabla. Mwizi wa levo 5 akipata kuvizia kwake ana dadu 3 za nyongeza, weka na ya silaha na zile nne za wepesi, wastani ni 18. Mpiganaji wa levo hiyohiyo na upanga mkubwa wa mikono miwili anapiga mara mbili, kila pigo wastani 11, jumla 22. Nafasi ya kupata tuseme ni asilimia 65 kwa wote, mwizi anabaki na 11.7 na mpiganaji 14.3. Yaani niliyekuwa namwogopa ndo alikuwa nyuma! Ila mpiganaji anamla bosi bandubandu, gogo linaisha hakuna aliyeshtuka, wakati mwizi anamwaga dadu zote kwa mpigo mmoja na kelele zinakuwa kama goli la dakika ya mwisho. Mimi nilikuwa napunguza kelele, sio nguvu.

Na sheria yenyewe tangu 2014 haidai kujificha hata kidogo. Inataka uwe na fursa kwenye dadu, yaani unarusha mbili unachukua kubwa, au mwenzako awe ndani ya futi 5 za adui, usiwe na kikwazo, yaani kuchukua ndogo, silaha iwe ya kutumia wepesi (finesse) au ya kupigia kwa mbali, na ni mara moja kwa zamu. Breki zimeshafungwa humo. Kwa mfano akishika kisu cha pili, nafasi ya walau pigo moja kuingia inapanda kutoka 65 mpaka karibu 88, tamu kweli, lakini kwa sheria za 2014 hicho kisu kinakula kitendo chake cha ziada, kilekile ambacho angekitumia kuchomoka bila kupigwa, kwa hiyo anabaki amesimama puani kwa zimwi na uhai wake wa dadu ya pande nane. Hapo ndo mizani ilipo, kwenye hiyo roho mkononi, wala sio kwenye idadi ya dadu.

Kuna wajanja wanajua kuvizia ni mara moja kwa zamu ya yeyote na sio kwa raundi nzima, adui akiwakimbia wanamvizia tena kwenye zamu ya huyo adui. Mimi siwazuii siku hizi, maana reaksheni, kile kitendo kimoja cha nje ya zamu yako, ikishatumika hapo mwizi hana ya kukata maumivu nusu akija kupigwa yeye.

Wazee wa zamani waliteseka zaidi lakini. Mwizi aliingia kwenye hii gemu 1975 na miaka mingi kazi yake kwenye vita ilikuwa kuchoma mtu mgongoni tu, halafu toleo la 2000 likampa dadu za kuvizia ila wafu na masanamu hazikuwapata, sasa piga picha kampeni nzima ya makaburini, mwizi wako ni mbeba taa.

Sheria yangu nikaifuta, nikamwomba radhi mshkaji mbele ya watu. Nilichobadilisha ni uwanja: naweka nguzo, mapipa, roshani, na maadui wenye akili ambao mmoja wao anaenda kumtafuta hukohuko alikojibanza badala ya wote kumganda mpiganaji. Bosi naye simwachi peke yake katikati ya ukumbi mtupu, nilikuwa najichongea mwenyewe.

Tukahamia na toleo la 2024, ambalo kuanzia levo 5 mwizi anaweza kuacha dadu moja ya kuvizia ili amwangushe adui. Juzi wamekutana na zimwi, jamaa kapiga, kaacha dadu yake, zimwi likashindwa kujiokoa likaenda chini kama gunia. Mpiganaji ndo alikuwa anafuata, ana fursa kwenye mapigo yote mawili, na safari hii aliyesimama juu ya kiti alikuwa yeye.